Bwana Afya wa Ziwani

Mwezi Septemba 1959 ndege ya kukodi aina ya Britannia ilipaa kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, ikiwa na wanafunzi 81, wengi wao Wakenya, wakielekea New York. Walitawanyika kutoka huko hadi vyuo ambavyo majina yake hata walimu wao hawakuwahi kuyasikia. Uwanja wenyewe ulikuwa mpya. Ulifunguliwa Mei 1958, na sehemu kubwa ya kazi ya kuuchimba na kuusawazisha ilifanywa na mikono ya waliokamatwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau. Basi kaka alibeba jembe Embakasi chini ya ulinzi wa bunduki, na mdogo wake akapita juu ya udongo ule ule akiwa na barua ya chuo mfukoni. Sidhani kuna mahali pengine Kenya ambapo kifungo na elimu vilikaribiana kiasi hicho.

Historia ya msafara huo huanzia Marekani kwa desturi, kwa Kennedy na pesa zake. Mimi naianzia Ziwani, katika nyumba ya halmashauri ya mji, kwa sababu ndimo alimoishi aliyeubuni.

Mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, haikujengwa kwa ajili ya wasomi. Pumwani ilianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ili Waafrika wahamishwe kutoka vijiji vyao vya zamani na kukusanywa mahali pamoja. Kariokor ilirithi jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walioburutwa kwenye vita hivyo, wengi wao wasirudi. Shauri Moyo ikafuata miaka ya 1930, kisha Ziwani, Kaloleni na mingine, na Reli ikawapanga wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Vyumba vingi vilipimwa kwa kipimo cha mwanamume mmoja asiye na mke wala mtoto. Mji ulitaka mikono ya mtu. Familia yake ibaki mashambani. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizingira mitaa hiyo katika operesheni waliyoiita Anvil, wakawachuja watu mlango kwa mlango, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini, karibu wote wakiwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Ofafa na Mbotela, mitaa ambayo leo tunaitaja kama kondakta anavyoita abiria, ni majina ya viongozi wa Kiafrika wa mji waliouawa katika miaka hiyo.

Humo ndimo alimokuwa akifanya kazi kijana aitwaye Thomas Joseph Mboya. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge Kilima Mbogo, ambako baba yake, mwenyeji wa Rusinga, alikuwa nyapara. Alisoma Mang'u, akakwama kwa karo. Kilichobaki kwa kijana mwenye akili na mfuko mtupu kilikuwa kazi za serikali zilizomlipa mtu huku akifundishwa, naye akaingia chuo cha wakaguzi wa afya huko Kabete. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Halmashauri ya Nairobi ikamwajiri. Akawa bwana afya.

Kazi ya bwana afya tunaijua: kuchungulia mitaro, kupima maziwa, kufunga hoteli yenye mende. Mboya mwenyewe alisimulia baadaye kisa cha mama wa Kizungu aliyeingia maabara na chupa ya maziwa, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna mtu humo ndani, ilhali Mboya amesimama mbele yake. Kijana akamuuliza kama macho yake yana kasoro. Mama akatoka na hasira kwenda kumshtaki. Kisa hicho hupendwa kwa sababu kinachekesha, lakini mwenye kukisikiliza vizuri husikia pia hesabu ya mshahara: mkaguzi Mwafrika na mkaguzi Mzungu walifanya kazi moja, na bahasha ya mwisho wa mwezi haikufanana hata kidogo. Kutokana na hasira hiyo alikigeuza chama cha wafanyakazi wa halmashauri kuwa chama cha kweli cha kutetea haki, na kufikia mwisho wa 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Siasa za Waafrika zilikuwa zimepigwa marufuku. Kenyatta na wenzake walikuwa ndani. Chama cha wafanyakazi kikawa ndilo dirisha pekee lililobaki wazi, na kijana wa Ziwani akakaa dirishani.

Mwaka 1955 alikwenda Uingereza, akasoma Chuo cha Ruskin mjini Oxford kwa mwaka mmoja. Hakutoka na shahada. Howard University ya Marekani ilimpa udaktari wa heshima mwaka 1959, lakini shahada ya kukalia mtihani hakuipata hadi anakufa. Nitalirudia jambo hili kwa makusudi: mtu aliyewafungulia mamia ya vijana wa Afrika Mashariki mlango wa vyuo vikuu hakuwa mhitimu wa chuo kikuu.

Machi 1957 akasimama kwenye uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, kiti cha Nairobi. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Clement Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini, aliyesomea Uingereza na kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau wakati mawakili wengi walipoogopa hata kuyagusa majalada yao. Bwana afya dhidi ya wakili! Mboya alishinda kwa kura chache. Wapigakura walikuwa wachache pia, kwa kuwa kura ilitolewa kwa masharti ya mali, mshahara na elimu. Lakini ushindi ni ushindi.

Sasa alikuwa na jukwaa, na akaona pengo. Uhuru ulikuwa unakuja, lini tu ndiyo iliyokuwa haijajulikana. Nani angekaa kwenye ofisi za Wazungu siku wakiondoka? Afrika Mashariki nzima ilitegemea Chuo cha Makerere, na nafasi za Makerere zilihesabika. Royal Technical College ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa tu mwaka 1956. Serikali ya kikoloni ilishikilia kuwa nafasi hizo zinatosha, na kwamba vyuo vidogo vya Marekani ni vya kiwango cha chini. Hoja hiyo ilirudiwa kwa miaka mingi, na wengine waliirudia hata baada ya uhuru.

Mboya hakuwa peke yake. Gikonyo Kiano alikuwa amerudi na shahada ya udaktari kutoka Berkeley, Mkenya wa kwanza kuipata ngazi hiyo. Kariuki Njiiri naye alikuwa amesoma Marekani. Watatu hao walichambua maombi: nani ameshapata nafasi chuoni, nani ana ufadhili wa karo, nani amebakiza nauli tu. Maana nauli ndiyo iliyokuwa ukuta. Chuo kingekusamehe ada, kanisa la mji mdogo wa huko lingekulaza, lakini tiketi ya kuvuka bahari ilizidi mapato ya mzazi ya miaka. Huku nyumbani watu walichanga kwa karamu za chai na kwa kuuza mifugo. Huko Marekani mfanyabiashara William Scheinman, rafiki wa Mboya tangu 1956, alianzisha African-American Students Foundation. Aprili 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia mji baada ya mji, na mwaka huo huo mchezaji besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier wakatia sahihi barua ya kuomba michango. Nauli ya wanafunzi 81 ikapatikana.

Mwaka wa pili ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu waombaji waliongezeka na pesa hazikuongezeka. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikataa kusaidia. Tarehe 26 Julai 1960 Mboya alimtembelea Seneta John F. Kennedy nyumbani kwao Hyannis Port, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kampeni ya urais ilikuwa imepamba moto. Watu wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, waliposikia, wizara ile ile iliyokataa ikagundua ghafla kwamba nayo ina dola 100,000. Zikakataliwa. Ukazuka mzozo katika Baraza la Seneti juu ya nani anamnunua nani. Wanafunzi wa Kiafrika, ambao hawakuwa hata na kura kwao, wakawa hoja katika uchaguzi wa taifa kubwa. Kati ya 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walivushwa na mpango huo.

Hapa lazima nimsahihishe msomaji aliyezoea kusikia kuwa Barack Obama, baba wa rais wa Marekani wa jina hilo, alipanda ndege ile ya kwanza. Hakupanda. Alikwenda Hawaii mwaka huo wa 1959 kwa msaada wa marafiki wengine, ingawa African-American Students Foundation ilimsaidia baadaye. Hadithi ya mjini imempandisha ndege kwa nguvu kwa sababu inapendeza zaidi hivyo.

Aliyepanda, mwaka 1960, ni msichana wa miaka 20 kutoka Nyeri aliyemaliza Loreto Limuru: Wangari Muta, ambaye ulimwengu ungemjua kama Wangari Maathai. Alipelekwa Chuo cha Mount St. Scholastica katika mji wa Atchison, jimbo la Kansas, akahitimu biolojia mwaka 1964, kisha akapata shahada ya pili University of Pittsburgh. Aliporudi nyumbani mwaka 1966 alikuwa na barua ya kazi mkononi. Alipofika chuoni Nairobi akaambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Yeye aliamini hadi mwisho kwamba makosa yake yalikuwa mawili: kuwa mwanamke, na kutotoka upande unaotakiwa. Profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, ndiye aliyemchukua katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 1971 alipata udaktari hapo hapo Nairobi, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufika huko.

Vyeti vyote hivyo vinajulikana. Nataka tusimame kwenye tarehe 5 Juni 1977, kwa sababu siku hiyo inarudi Eastlands. Wangari na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walitembea kwa maandamano kutoka Jumba la Mikutano la Kenyatta hadi uwanja wa Kamukunji, wakapanda miti saba. Kila mti ulipewa mtu wa kukumbukwa, kila mmoja kutoka historia ya jamii za nchi hii: Mekatilili wa Menza wa Wagiriama, Nabongo Mumia, Gor Mahia, Lenana, Wangu wa Makeri na wengine. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Mtaalamu mwenye udaktari angeweza kuanzia kampasi ya Chiromo, kwenye nyasi zilizokatwa vizuri, mbele ya maprofesa wenzake. Alikwenda Kamukunji, kati ya Shauri Moyo, Gikomba na Majengo, palipokanyagwa na mikutano ya hadhara hata nyasi zikakata tamaa. Wapo wanaosema ilikuwa sadfa tu ya ratiba. Siamini. Mtu akitaka kusema na nchi hii bila kupita ofisini, Kamukunji ndipo pa kusemea. Wanasiasa Matiba na Rubia walilijua hilo walipoitisha mkutano wa Saba Saba, wa kudai vyama vingi, hapo mwaka 1990, na serikali nayo ililijua ndiyo maana ikawatia ndani kabla ya siku yenyewe.

Oktoba 2004 kamati ya Oslo ikamtangaza mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika. Miti iliyopandwa na akina mama wa harakati yake ilikuwa imefika makumi ya mamilioni. Ya kwanza ilikuwa saba, nayo ilimwagiliwa maji Kamukunji.

Eastlands ilikuwa na watoto wake wa kuzaa pia. Hilary Ng'weno alilelewa Muthurwa, katika nyumba za Reli, akasoma shule ya msingi ya St. Peter Claver, akaenda Mang'u kama Mboya, kisha Harvard, akasomea fizikia. Fizikia ya nyuklia na Muthurwa! Alirudi nchi haina kinu cha nyuklia wala haja nacho, akaingia katika uandishi wa habari, na katikati ya miaka ya 1960, kabla hajafikisha miaka 30, akawa mhariri mkuu wa kwanza Mwafrika wa Daily Nation. Alianzisha jarida la vichekesho, Joe, pamoja na mchoraji Terry Hirst. Mwaka 1975 akaanzisha The Weekly Review, ambalo kwa zaidi ya miaka 20 lilikuwa kitu cha kwanza kusomwa na kila aliyetaka kujua kinachopikwa serikalini. Wapo waliomlaumu kwamba miaka ya baadaye jarida lililegea mbele ya wakubwa, na lawama hiyo si bure. Lakini mtindo wake wa kuandika, ule wa kupima neno kama mtu anayepima kemikali, nadhani aliutoa maabara. Alifariki Julai 2021. Muthurwa aliyoiacha imegeuka soko la wachuuzi na kituo cha matatu za Eastlands.

Miezi michache kabla yake alikuwa amefariki Philip Ochieng, abiria wa ndege ile ya 1959. Alipelekwa Roosevelt University mjini Chicago, na hakumaliza. Akarudi bila shahada, akawa mmoja wa wahariri wakali kuliko wote waliopata kushika kalamu katika Afrika Mashariki, Nairobi na Dar es Salaam, mjuzi wa Kiingereza aliyewafundisha wenye shahada zao jinsi ya kukiandika. Orodha za wahitimu mashuhuri humsahau kwa sababu hana cheti cha kuwekwa kwenye fremu. Mimi namweka.

Wapo pia waliosahauliwa kwa sababu nyingine. Mboya alipokuwa akitazama magharibi, Oginga Odinga alikuwa akiwapeleka vijana mashariki, kupitia Cairo, hadi Moscow, Prague na Berlin ya upande ule. Walirudi madaktari na wahandisi, lakini walirudi katika nchi iliyokuwa imeshachagua upande. Vyeti vyao vilitiliwa shaka, wengine wakazungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kama vile udaktari wa Kirusi hauponyi malaria ya Kenya. Ulimwengu haukuwapa tuzo, na nyumbani nako hawakupewa kiti. Mtu akihesabu waliofanikiwa bila kuwahesabu hao, hesabu yake ina tundu.

Mwaka ule ule wa ndege ya kwanza, Novemba 1959, karibu na Ziwani, kulianzishwa jambo lingine katika vibanda viwili vya mabati. Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu waliwakusanya wavulana wa mitaani, wengi wao mayatima wa Hali ya Hatari, wakawapa chakula na ubao wa kuandikia. Huo ndio mwanzo wa Starehe Boys' Centre. Ilipokua ikawa kati ya shule bora nchini, na vijana wake wakaingia vyuo vikuu vya dunia kwa alama zao wenyewe, bila kungoja seneta wala kampeni. Mambo mawili, mwaka mmoja, eneo moja: moja liliwavusha walio tayari, la pili likawaandaa wasio na lolote. Nikilazimishwa kuchagua, la pili lilikuwa gumu zaidi.

Mboya hakuishi kuona matunda mengi. Mwaka 1961 watu wa Nairobi Mashariki walimpa ushindi mkubwa mno dhidi ya Dakta Munyua Waiyaki, Mluo akichaguliwa na mitaa yenye Wakikuyu wengi, jambo ambalo leo tungeliita muujiza. Januari 1962 alimwoa Pamela Odede, mmoja wa abiria wa msafara wa 1959, aliyesoma Western College huko Ohio. Akawa waziri wa kazi, wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi, na katika ofisi hizo alikuta wale aliowapeleka wakirudi mmoja mmoja, wakichukua meza za Wazungu kama alivyokuwa amepanga. Tarehe 5 Julai 1969, Jumamosi mchana, alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa barabara ya Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue. Obama mzee alikuwa amezungumza naye dakika chache kabla, akaja kutoa ushahidi mahakamani. Mboya alikuwa na miaka 38. Sanamu yake imesimama karibu na hapo tangu Oktoba 2011, katikati ya mji, mbali na Ziwani.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji bado wanagonga masanduku ya bati, yale ambayo kwa miaka mingi wazazi waliyanunua kila Januari kwa watoto walioingia kidato cha kwanza. Katika sanduku kuukuu la aina hiyo, Jericho au Bahati au Kaloleni, huenda kuna barua za miaka ya 1960 zenye stempu za Kansas, Ohio au Moscow: kijana anaeleza theluji, anaomba sweta, anauliza kama ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili yake amelipiwa bei yote. Kama sanduku hilo liko kwenu, usilitupe bibi akihamishwa nyumba. Lipeleke Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue.